Dakika Tano za Nadrah

Kila Jumamosi asubuhi, Nadrah na babu yake walipanda basi kutoka mtaa wa Tampines kwenda uwanja wa ndege wa Changi. Hawakuwa na safari. Walikwenda kutembea tu, kama familia nyingi za mtaani kwao. Huko kulikuwa na ubaridi, maporomoko ya maji ndani ya jengo, na madirisha mapana ya kutazamia ndege. Wanafunzi wengine walikwenda na vitabu, wakajisomea mpaka jioni.

Mama yake Nadrah, Bi Zaiton, alikuwa kazini Jumamosi katika kliniki ya meno. Kabla ya kutoka alisema maneno yaleyale.

"Usimwache Babu peke yake. Na saa sita ale, unajua ana kisukari. Umenisikia?"

"Nimesikia, Mama. Hata wiki iliyopita nilisikia."

"Mdomo huo!" Mama alisema, akachukua mkoba wake.

Zamani Babu Rosli alikuwa akiendesha kreni bandarini, na hakuna kontena lililomshinda. Lakini mwaka huo kumbukumbu yake ilianza kumponyoka. Alipenda kukaa kwenye benchi moja katika Jengo la Tatu la abiria, akitazama ndege zikipaa. Nadrah, mwenye miaka kumi na miwili, hakuweza kukaa hata dakika kumi. Alitikisa miguu. Alisimama, akaketi, akafungua kopo la maandazi ya viazi, akalifunga.

"Una siafu kwenye kiti?" Babu alimuuliza.

Mara akatokea Kavya, rafiki yake wa darasani, ameshika karatasi iliyokunjwa. Alikuwa amechora ramani ya uwanja mzima.

"Bado sehemu tatu tu sijazifikia," alisema. "Kuna mtelezo mrefu, halafu kuna kitreni kinachopita karibu kabisa na maporomoko. Twende!"

"Siwezi. Nipo na Babu."

"Basi kaa hapo uote mizizi."

Nadrah alimtazama Babu, akaitazama ramani. Miguu yake ilikuwa imekwisha kuamua.

"Babu, keti hapahapa. Nakuja sasa hivi."

"Jamil anafika saa ngapi?" Babu aliuliza. Jamil alikuwa mjomba wake Nadrah, aliyeishi Australia.

"Baadaye, Babu!" Nadrah alijibu, naye alikwisha kuondoka.

Waliteleza mara tatu. Walipanda kitreni wakaenda, wakarudi, wakapanda tena. Maji yalinguruma nje ya kioo, nao wakapiga kelele kuyashinda. Kila Nadrah alipokumbuka benchi, alijiambia, "Mara moja tu ya mwisho." Alipotazama saa hatimaye, ilikuwa saa sita kasoro dakika kumi. Walikuwa wamezurura karibu saa nzima.

Benchi lilikuwa tupu. Kopo nalo halikuwepo.

Nadrah alikimbia huku na huku, akachungulia duka la chai, akamwomba mzee mmoja aangalie chooni. Hakuna. Mwishowe alifika kwenye meza ya msaada. Mhudumu wake, mama wa makamo aitwaye Bi Pushpavalli, alikuwa akipanga makaratasi.

"Anti, babu yangu amepotea!"

"Pole, mwanangu. Vuta pumzi. Ulimwona mara ya mwisho lini?"

Nadrah aliiona akilini sura ya mama yake iliyokasirika. "Dakika tano zilizopita," alisema. "Nilikuwa naye. Aliingia chooni, hakutoka."

"Dakika tano? Basi hajafika mbali." Bi Pushpavalli aliinua simu ya upepo, akawaagiza walinzi wapekue vyoo na maduka ya karibu.

Walitafuta. Dakika zilipita. Walinzi walirudi wakitikisa vichwa, wakatumwa tena palepale. Nadrah hakuweza kusimama mahali pamoja. Alizunguka meza, akauma kucha, akazunguka tena. Saa ya ukutani ikapita saa sita.

Kavya alimvuta mkono. "Waambie."

"Nyamaza! Mama ataniua."

"Na Babu je? Hajala!"

 Nadrah akamgeukia Bi Pushpavalli. "Anti, nimesema uongo. Hakwenda chooni. Nilimwacha peke yake karibu saa nzima, nikaenda kucheza. Ana kisukari, na siku hizi husahau. Alikuwa akimuulizia mjomba Jamil, lakini mjomba haji leo."

Bi Pushpavalli hakumkemea. Aliuliza jambo moja tu. "Mara ya mwisho mjomba wako alipokuja, mlimpokelea wapi?"

"Jengo la Kwanza."

Bi Pushpavalli aliwaita walinzi tena kwa simu ya upepo. Baada ya muda mfupi sauti ikajibu: mzee yuko Jengo la Kwanza, ameegemea uzio mbele ya mlango wa wanaowasili.

Walimkuta akitetemeka, shati limelowa jasho. Alilikumbatia kopo, hajalifungua. "Ya Jamil," alisema kwa sauti ndogo. Sukari mwilini mwake ilikuwa imeshuka kwa njaa, na mlinzi alikuwa ameanza kumnywesha maji ya matunda yenye sukari. Pole pole mikono yake ikatulia, akakubali kula.

Mama, aliyepigiwa simu na Bi Pushpavalli, alifika bado amevaa sare ya kliniki. Alimkumbatia baba yake, akamshukuru Bi Pushpavalli, akasikiliza yote. Kisha akaketi karibu na Nadrah.

"Kwa nini?"

Nadrah alifikiria kusema ameponzwa na Kavya. Akaacha. "Nilichoka kukaa, Mama. Huwa nachoka kila Jumamosi."

Mama alimshika mkono. "Mzigo huo nilikubebesha mimi, na sikukuuliza kama unakulemea. Nitazungumza na mama yako mdogo, mpokezane. Lakini sikiliza. Kumwacha Babu lilikuwa kosa. Uongo ulilifanya kosa hilo kuwa hatari, kwa sababu watu wema waliokimbia kukusaidia uliwapeleka asikokuwepo. Ungeniambia wiki iliyopita kwamba umechoka, ningekasirika kidogo, yakaisha. Ukweli useme ukiwa bado mdogo, mwanangu. Ukiuficha, haukai kimya. Unakua."

"Nisamehe, Mama."

"Mwombe Babu kwanza."

Nadrah alipiga magoti mbele ya Babu Rosli, akaubusu mkono wake, akaanza kumweleza yote, neno kwa neno, bila kuacha kitu.