Nilimshikia Taa Mwizi wa Kazi Yangu

Wapenzi wasomaji, nina miaka ishirini na nane, nafundisha fizikia Korogwe, na mpaka leo sitaki kusikia jina la Mhina. Shetani mkubwa yule!

Mhina alikuwa mwalimu mwenzangu, mtu wa Handeni. Alinichumbia, wazee wake wakaja kwetu Mpale, posa ikapokelewa. Nilijiona nimepata mume... kumbe!

Wakati huo nilikuwa nahangaika na fotodiodi, kijidude kinachogeuza mwanga kuwa umeme. Changu kilikuwa kinaona nyekundu vizuri, lakini bluu hakiioni kabisa. Siku moja nikawasha pembeni yake taa ya urujuanimno, ile ya dukani ya kukagulia noti bandia. Ee Mungu wangu! Kikaanza kuiona bluu. Nikisogeza taa karibu, bluu inazidi. Nikiizima, haipo tena. Nilipiga vigelegele peke yangu maabara.

Nikaenda kumwonyesha nani? Mhina!

Ilitangazwa nafasi moja ya kusoma nje, kwa mwalimu atakayeonyesha ugunduzi wake mbele ya majaji. Nilijua ni yangu. Asubuhi ya maonyesho nikamkuta Mhina amekaa kwenye meza yangu, jina lake limebandikwa kwenye fotodiodi yangu. Na viti vya mbele... baba yake! Kamleta makusudi. Kwetu msichana aliyeposwa hapazi sauti mbele ya mkwe. Unajitanda khanga, unainamisha uso. Mhina alilijua hilo fika.

"Huyu mchumba wangu ndiye ananishikia taa," akawaambia majaji huku anacheka.

Mnajua nilifanya nini? Nilimwamkia mkwe shikamoo, nikaishika taa! Machozi yanalowesha khanga. Watu wakampigia makofi.

Nafasi akapewa yeye. Hata hajasafiri, akamtuma shangazi yake kuvunja uchumba, eti mimi nina gubu. Nikakimbilia kwa majaji, nikalia, nikaeleza yote. Mmoja akaniuliza taratibu, "Mwalimu, siku ile si ulikuwepo? Mbona ulikuwa unamshikia taa?"

Nikajitanda khanga yangu, nikatoka.

Dada zangu, waheshimuni wakwe, sikatazi. Lakini mtu akikudhulumu mbele yao, inua uso useme palepale! Msiogope kama nilivyoogopa mimi. Yule mzee niliyemnyamazia kwa heshima zote... hakuwahi kuwa mkwe wangu.