Kucha za Kobe

"Nifute nini, Sista, na mimi sijapaka rangi?"

Hakuna aliyemjibu binti aliyeuliza. Sista wa mapokezi ya dharura alikuwa ameshamgeukia mgonjwa mwingine. Kibanio cha kidoleni, cha kupimia hewa kwenye damu, kilikuwa kimesoma chini mno, na pale hospitali walishazoea hivyo: kikisoma chini, kosa ni la rangi ya kucha. Sista akanyoosha tu mkono kuelekea sinki la kwenye korido. Kafute, ndipo urudi.

Binti yule alizaliwa na tundu moyoni. Kaka zake walimwita Kobe, kwa jinsi alivyotembea, akachuchumaa njiani kutafuta pumzi, akainuka tena. Ubluu wa kucha zake alitoka nao tumboni. Mama yake alijaribu kulieleza hilo, akaambiwa asiwafundishe watu kazi. Hivi mtu aliyemlea binti yule pumzi kwa pumzi, asipomsemea yeye, nani amsemee? Kobe akaenda sinkini, akasugua, akachuchumaa. Safari hii hakuinuka.

Mama hakupiga kelele. Alimfunika shuka, akamwambia Sista kwa sauti ya chini, "Mwenye kukaa kwenye lile tundu la moyo wake tulikuwa tunamjua. Tumeishi naye vizuri. Sasa hana nyumba, na mimi simzuii."

Sista aliguna tu. Uchungu, aliwaambia wenzake, husemesha watu mengi.

Kesho yake mchana, watu wamejaa, korido ikaanza kunuka dawa ya kufutia rangi ya kucha. Mfagizi alitafuta chupa hadi chini ya vitanda, hakuiona. Kisha ikaja sauti sinkini, kwaru, kwaru, bomba limefungwa na mtu hayupo; na kila Sista alipombana mgonjwa kidole sauti ile ilisogea, ikatoka sinkini ikafika mlangoni, ikatoka mlangoni ikafika nyuma ya kiti chake, mpaka siku moja akaisikia ndani ya kifua chake mwenyewe, ikikwaruza taratibu, bila haraka, kama mtu anayejichimbia mlango wa nyumba mpya.

Dada yake akamburuta kwa mganga. Mganga alimtazama kifua, akasogeza dawa zake pembeni.

"Huyu aliyeingia humu hataki moshi wala makombe ya kunywa. Anataka swali lijibiwe. Binti alikuwa afute nini?"

Sista akanong'ona, "Nilifuata utaratibu."

"Basi nenda nyumbani, mama," mganga akasema. "Kwa jibu hilo, hata mimi, ningekuwa yeye, nisingetoka."

Asubuhi Sista aliletwa dharura, akaketishwa kwenye kiti kilekile cha wagonjwa, akihema, kucha za bluu. Muuguzi wa zamu, msichana aliyefunzwa kazi na yeye mwenyewe, akambana kidole, akatazama namba, akacheka kidogo.

"Na wewe Sista, urembo umeanza lini? Kafute rangi kwanza."

Sista akafungua mdomo amweleze. Sauti iliyotoka haikuwa yake.

"Nifute nini, Sista, na mimi sijapaka rangi?"

Msichana alikuwa ameshamgeukia mgonjwa mwingine. Kule sinkini kukaanza, kwaru, kwaru.

Wewe unayenisikiliza, kama ndiye utakayekaa mapokezi kesho, nakuomba: mshike mgonjwa mkono, uzitazame kucha zake, umjibu.