Saini ya Daktari Sumari

Hebu niambie wewe uliyesoma mpaka macho yakaingia ndani: umewahi kuona marehemu mwenye ajira ya kudumu?

Basi pale mtaa wa Sakina, kwenye hospitali moja ambayo jina lake naliweka kapuni, alikuwepo. Daktari Sumari, msomaji wa picha za utrasaundi na CT, alizikwa kwao Meru mwezi wa tatu. Watu wakamwaga udongo, wakarudi mjini. Nafasi yake haikutangazwa. Kazi aliachiwa Twahira, binti wa Kaloleni, degree ya radiolojia, GPA ya four point two, mwaka wa pili anajitolea kwa chai na chapati. Na kwa kuwa mfumo wa kompyuta haumtambui anayejitolea, aliambiwa aingie kwa jina la marehemu na password yake. "Just use it," walimwambia, "kibali cha kuajiri kinakuja." Miezi minane ripoti zikatoka na saini ya maiti, na hakuna aliyeona ajabu.

Lilianza jambo dogo. Chini ya ripoti zake ukatokea mstari ambao hakuuandika: *Kindly correlate, my friend.* Yaani, linganisha na dalili za mgonjwa, rafiki yangu; ndivyo Sumari alivyokuwa akimalizia. Twahira akaufuta. Kesho yake ukarudi, na chumba cha kusomea picha, kisicho na dirisha, kikanuka ugoro, kama ule aliokuwa akinusa marehemu.

Gadiel, kijana wa kompyuta, alicheka. "Dada, hiyo ni template. Kompyuta hainusi ugoro."

"Basi mfute mtu wako kwenye mfumo."

"Mtu hafutwi bila barua ya kuacha kazi. Na yeye kaondoka bila kuandika."

Jumanne, saa tano asubuhi, akaletwa Nanyori, mama mtu mzima kutoka juu ya Ngaramtoni, tumbo limevimba upande wa kulia.

"Yeyo, takwenya," Twahira akamsalimu mama kwa Kimaasai.

"Iko."

Twahira akampaka jeli, akapitisha kifaa. Kwenye ini palikuwa na mfuko mkubwa wa maji, na ndani yake ngozi nyembamba imebanduka, inaelea kama utando juu ya maziwa yaliyochemshwa. Alikuwa ameiona kitabuni tu.

"Yeyo, nyumbani mna mbwa?"

"Watatu. Wanalala na mbuzi, na mimi nalala na mbuzi."

"Mkichinja, ini lenye malengelenge ya maji mnalipeleka wapi?"

Mama akamshangaa. "Sasa hilo nani atakula? Si tunawatupia mbwa."

Ndipo lilipo tatizo. Mnyoo hukua kwenye utumbo wa mbwa, mayai yake yanaingia kwa mtu kupitia mikono na maji, mfuko unalelewa ndani kimyakimya miaka kumi. Nao hautobolewi kiholela: maji yake yakimwagika tumboni, mwili unaweza kushtuka mtu akafa pale pale mezani. Mama aliposukumwa kupelekwa chumba cha upasuaji, Twahira akaandika kwa herufi kubwa: MFUKO WA MINYOO YA MBWA. MSICHOME SINDANO.

Herufi zikaanza kuliwa. Moja moja, kutoka mwisho, vitufe vikibonyea vyenyewe, tak, tak, bila haraka, kama mzee anayeandika kwa vidole viwili, na harufu ya ugoro ikapanda mpaka ikamwasha koo, na kiti alichokalia kikalemea upande mmoja kama kwamba mtu mzito amekuja kukalia nusu yake, paja baridi likabana paja lake, na kwenye kioo ile picha aliyokuwa ameigandisha ikaanza kutikisika, ngozi ndani ya mfuko ikajikunja na kujikunjua kama mdomo usio na meno, huku maneno mapya yakijipanga: JIPU LA INI. CHOMA, NYONYA USAHA. *Kindly correlate, my friend.* Bibi yake aliwahi kumwambia kwamba nyumba isiyo na mwenyewe huingiwa. Hakumwambia kwamba hata jina huingiwa, ukiliita kila asubuhi na ndani hamna mtu.

Akanong'ona Ayatul Kursiy. Vitufe vikatulia. Lakini ripoti ilikuwa imeshakwenda.

Akakimbia. Chumba cha upasuaji alimkuta Daktari Mikaeli, mpasuaji, sindano ndefu mkononi, karatasi ya ripoti pembeni.

"Daktari, usichome. Si jipu. Ni minyoo ya mbwa."

"Hapa amesaini Sumari."

"Sumari ulibeba jeneza lake, Daktari."

Mikaeli hakugeuka. "Nimesoma saini. Wewe ni volunteer, bibie. Toka nje." Ncha ikashuka kuelekea ngozi.

Nanyori akafumbua macho. Alisema polepole, kwa sauti ya chini, "Mwambie huyo mzee aache kukusukuma kiwiko."

Hapakuwa na mzee. Mikaeli akatazama kiwiko chake, akavuta pumzi, na hapo hapo akapiga chafya mara tatu kwa ugoro ambao hakuna aliyeunusa kwa hiari. Sindano ikalia sakafuni.

Yeyo alipelekwa hospitali kubwa na picha zake. Walimtoa mfuko mzima, na yupo hai. Twahira alipewa barua kesho yake: amefukuzwa kwa kosa la kuingia kwenye mfumo kwa jina la mtu mwingine.

Wiki ya pili Gadiel alimpigia, sauti imefifia. "Dada, ni wewe unasoma picha ukiwa nyumbani?"

"Mimi? Kwani hamjaajiri mtu?"

"Hakuna. Chumba kina kufuli. Ripoti zinatoka."

Sasa ninyi mnaokalia vibali kama kuku anayeatamia mawe: fungueni kile chumba leo, mchana huu, mlitoe lile jina kwenye mfumo. Kisha kila picha iliyosomwa tangu mwezi wa tatu irudishwe, isomwe upya na mtu anayepumua. Anzeni na wale mliokwisha kuwachoma.