Mgeni wa Kiti cha Mbele

Magharibi ilikuwa inakaribia pale Mkange, Mikdad alipomshika mkewe mkono na kumwingiza katika kiti cha nyuma cha gari. Safari yenyewe haikuwa na ajabu. Ashatu alikuwa amerejea kwa bibi yake aliyemlea, kama ilivyo ada ya mwanamke anayengojea uzazi wa kwanza, na uchungu ulimshika tangu alasiri. Bi Mwanvita, bibi yake huyo, ambaye mikono yake ilikuwa imewapokea watoto wa kijiji kile na watoto wa watoto wao, alimpapasa tumbo, akampapasa tena. Kisha akatamka neno ambalo hapana aliyepata kumsikia akilitamka.

"Huyu amelala kwa ubavu. Si wa mikono yangu. Twendeni kituo cha afya."

Basi ajuza yule akajitanda kanga zake mbili, akaingia nyuma kumwegemeza mjukuu wake kifuani. Kiti cha mbele kikabaki kitupu.

"Nawe, mume wangu," alimwambia Mikdad kwa utani, maana mjukuu akiolewa, bibi naye huhesabiwa mke, "leo uendeshe kama aliyebeba mayai, si kama siku ile uliyokuja kumposa mke mwenzangu."

"Bibi, siku ile nilipanda bodaboda."

"Ndiyo maana ulifika umepauka, tukadhani umekuja kuomba unga."

Hata Ashatu alicheka. Kisha akauma ncha ya kanga, na kicheko kikageuka kuwa kitu kingine.

Gari la Mikdad lilikuwa moja ya yale yanayotoka Ujapani yakiwa yamekwisha kutumika. Kila lilipowashwa, sauti ya mwanamke ilitoa maelezo kwa lugha ambayo hapana mtu wa Kerege, alikokaa Mikdad, aliyeielewa. Kwa hiyo Mikdad alijifunza kuziamini taa za dashibodi, kwa kuwa taa hazina kabila. Fundi wake, Maulidi, alimpa kanuni akaihifadhi kama mtu ahifadhivyo sura fupi: taa nyekundu ni amri, na taa ya njano ni nasaha. Amri hutiiwa papo hapo. Nasaha usiilalie.

Walikuwa wameziacha nyumba za mwisho nyuma yao, pori limeikumbatia njia huku na huku, ndipo amri ilipokuja. Taa ile yenye sura ya kipimajoto kilichotumbukizwa majini iliwaka, nyekundu kama kaa la moto.

"Nini tena?" akauliza Ashatu.

"Injini imepata joto. Nikilazimisha, itakufa kabisa. Tusubiri kidogo tu."

Akaegesha, akazima, akafungua boneti. Kifuniko cha rejeta hakukigusa, maana alijua kwamba mvuke uliofungiwa humwunguza mwenye haraka. Akasimama na dumu la maji mkononi, akiungoja moto upoe huku mkewe akiugua nyuma yake. Kwa mbali adhana ikasikika, nyembamba, kisha upepo ukaichukua. Hakuna mtihani mzito kwa mwanamume kama kuambiwa asubiri, naye anausikia uchungu wa mwenziwe kwa masikio yake mawili.

Ndege walikuwa wamenyamaza.

Hata chenene walikuwa wamenyamaza.

"Hodi."

Ilikuwa sauti ya mwanamume mzima, ya chini, ya mtu mwenye adabu zake. Ilitoka karibu na bega lake la kushoto. Na Mikdad, ambaye akili yake yote ilikuwa kwenye rejeta, akaitika bila ya kugeuka, kama alivyoitika maisha yake yote.

"Karibu."

Mtoto wa pwani hufundishwa kusema karibu kabla hajalijua jina la babu yake. Lakini hufundishwa pia, na wale wale wanaomfundisha adabu, kwamba giza likishaanza kuingia haitikiwi hodi ya kwanza. Huachwa ipite. Ya pili nayo huachwa ipite. Binadamu atabisha mara ya tatu. Asiye binadamu hatabisha tena. Mikdad aliyajua hayo yote. Aliyakumbuka neno lilipokwisha kumtoka kinywani, na neno likitoka halina mshipi wa kulirudishia.

Akageuka.

Hapakuwa na mtu. Hapakuwa hata na unyasi uliotikisika.

Akakifungua kifuniko kwa kitambaa, akamimina maji, akarudi kwenye usukani. Gari likawaka. Sauti ya yule mwanamke wa mbali ikatoa maelezo yake. Taa ya joto ikazimika, naye akamshukuru Mola wake. Lakini kabla hajaingiza gia, taa nyingine ikawaka.

Mtu mwekundu, ameketi, mkanda umempita kifuani.

*Ti... ti... ti...*

Mikdad akautazama mkanda wake. Ulikuwa umefungwa.

Taa ile ilikuwa ya kiti cha abiria wa mbele. Maulidi alikwisha kumweleza: chini ya kitako cha kiti kuna kifaa kinachopima uzito, na uzito ukiwapo gari huamini kuwa mtu ameketi, likadai mkanda wake. Hata kapu la mahindi huweza kuiwasha. Lakini hapakuwa na kapu. Mikdad akanyoosha mkono kukipapasa kile kiti, na mkono haukukuta kitu ila baridi, baridi ya ubavu wa mtungi wa maji.

Kisha harufu ikaja. Harufu ya kafuri. Ile wanayonyunyiziwa wafu wakati wa kuvishwa sanda.

"Mikdad," Bi Mwanvita alinong'ona, na hakumwita mume wangu. "Nani kapanda?"

"Hapana mtu, bibi. Ni taa tu. Ina kichaa."

Akaondoa gari. Ile sauti haikukoma. *Ti... ti... ti...* Ashatu akawa anapumua kwa kuifuata, kama aliyefungwa kamba na mlio ule. Madereva wana hila yao kwa jambo hili: huuchukua mkanda wa kiti kitupu, wakauchomeka katika kufuli lake, gari likadanganyika na kunyamaza. Mikdad akauvuta ule mkanda. Ulikuja mzito. Ulikuja kwa kupinda, kama unaopita juu ya tumbo la mtu.

"Usimfunge!" Bi Mwanvita alimshika bega kwa kucha. "Mgeni hafungwi, we mwana! Unataka akae milele?"

Akauacha. Mkanda ukarudi polepole... polepole... kama unaosindikizwa na mkono.

Hapo Mikdad alikimbilia silaha aliyopewa chuoni, akaanza kuisoma Ayatul Kursiyyu kwa sauti. Alisoma vema mwanzo wake. Alipofika pale panapoulizwa ni nani awezaye kuombea mbele Yake ila kwa idhini Yake, ulimi ukamteleza, neno linalofuata likamkimbia. Akarudia. Likamkimbia tena.

Kutoka kiti cha mbele, kwa mnong'ono, akakumbushwa.

Neno lilitamkwa kwa makhraji yake na kwa ghuna yake, kama anavyotamka mtu aliyehitimu mbele ya shekhe. Kisha ile sauti ikaiendeleza aya hadi ikaikamilisha, kwa unyenyekevu, na ikanyamaza.

Wanazuoni wametufundisha kwamba katika majini wapo waliosilimu na wapo waliokufuru. Elimu hiyo Mikdad alikuwa nayo. Hakupata kuwaza, hata hivyo, mtu afanye nini iwapo kisomo anachofukuzia ndicho mgeni akipendacho.

Ashatu akapiga ukelele. Maji ya uzazi yalikuwa yamemwagika.

Na kana kwamba lile lilikuwa ndilo lililokuwa likingojwa, dashibodi nzima ikawaka. Kibuyu cha oili, chekundu. Betri, nyekundu. Breki. Mlango uliofunguka, ilhali milango yote imefungwa. Joto la injini, na maji yamejaa. Amri juu ya amri, zote zinasema simama, wala hapana hata moja isemayo fanya nini. Usukani ukawa mzito, injini ikakohoa, gari likaserereka kando ya njia na kufa.

Mikdad akageuza ufunguo. Kimya. Akageuza tena. Kimya. Akaupiga usukani kwa kiganja, akalia machozi kama mtoto, mbele ya mkewe, bila ya kuona haya.

"Uliitika hodi," akasema Bi Mwanvita.

"Niliitika, bibi."

"Ya ngapi?"

Mikdad akaliinamisha paji la uso juu ya usukani.

"Ya kwanza. Ewe mume wangu, mdomo wako hauna hata komeo?" Akakitazama kiti cha mbele kwa muda mrefu. Alipozungumza tena, alizungumza kama mtu azungumzavyo mbele ya mgeni, kwa upole na bila ya kutaja jina. "Aliyekaribishwa hafukuzwi. Akifukuzwa ataondoka na kitu, na humu ndani kipo kitu kimoja tu cha kuchukuliwa. Mgeni husindikizwa."

"Nitamsindikiza mimi. Mimi ndiye niliyemkaribisha."

"Na gari aliendeshe nani? Mimi, ambaye hata baiskeli ilinitupa?" Tayari alikuwa akijifunga kanga ya pili kiunoni. Akamlaza Ashatu taratibu, akampangusa jasho kwa kiganja. "Nimekulea, mama. Sitashindwa na hatua chache. Mbane mumeo akukimbize."

"Bibi, usishuke," Ashatu alilia. "Bibi... nakuomba."

Ajuza akafungua mlango, akashuka. Akalizunguka gari hadi upande wa kushoto, akasimama kando ya mlango wa mbele, mikono amekunja kifuani, kichwa ameinamisha kidogo.

"Haya, bwana. Tumefarijika kwa ugeni wako. Usiku unaingia, na wenye mji wana mgonjwa. Twende nikusogeze mbele."

Kisha kitasa kikalia. *Ka.*

Mlango wa mbele ukafunguka wenyewe, ukajifunga wenyewe, kwa uangalifu, kama unavyofungwa na mtu asiyetaka kumwamsha aliyelala. Mtu mwekundu akazimika. Kikafuata kibuyu cha oili. Ikafuata betri. Taa moja baada ya nyingine, hadi dashibodi ikatulia. Harufu ya kafuri ikatoka kama inavyotoka nyumbani jeneza likishainuliwa.

Mikdad akageuza ufunguo. Gari likanguruma.

Katika mwanga wa taa kubwa alimwona Bi Mwanvita akitembea pembezoni mwa njia. Hakutembea katikati ya kijia. Alitembea upande mmoja, ameacha nafasi ya mtu. Alikuwa ameuinua uso, kama mfupi azungumzaye na mrefu, na mara moja akacheka, akaufunika mdomo kwa upindo wa kanga. Kisha wakakata kulia, porini, mahali pasipo na njia.

"Mfuate!" Ashatu alisema. "Mikdad, mfuate bibi!" Na kwa pumzi ile ile, "Mtoto... anakuja. Endesha. Endesha!"

Akaendesha. Alikuwa afanye nini?

Mtoto alizaliwa salama, wa kike, mikononi mwa wauguzi waliojua kazi yao. Mikdad hakumbeba. Alimtazama tu, akarudi njiani pamoja na muuza duka mmoja mwenye kurunzi aliyemwonea huruma. Wakaita hadi sauti zikawakauka. Waliona nyayo za kandambili za Bi Mwanvita zikiingia porini. Zilikuwa nyayo za mtu mmoja, na baada ya hatua chache hazikuwapo tena, wala hazikuwa zimerudi.

Asubuhi, wakati Mikdad akiwatolea wauguzi maelezo yake yasiyoeleweka, Bi Mwanvita aliingia kwa mguu katika uwanja wa kituo. Akaamkiwa shikamoo, akaitika marahaba. Akauliza kama kuna chai. Kanga zake hazikuwa na mwiba wala kijani cha jani, na miguu yake, katika nchi ile ya vumbi jekundu, ilikuwa safi kama ya mtu aliyetoka kutawadha.

"Ulilala wapi, bibi?"

"Nimesindikiza mgeni. Wapi mtoto?"

Hakusema zaidi, nao hawakuthubutu kumbana. Gari lilipelekwa Kerege, na Maulidi akalifungua chini ya kiti cha mbele. Akatoa waya uliotafunwa.

"Panya," akasema, akicheka. "Waya ukigusana na bodi, taa zote hucheza ngoma. Na rejeta lako lina ufa. Ndiyo siri yako hiyo, bwana. Jini gani atakaye kufungwa mkanda?"

Mikdad alicheka pamoja naye. Aliichukua ile habari ya panya akaenda nayo nyumbani kama dawa. Usiku aliirudia rohoni mwake, naye akakaribia kuiamini. Waya ni waya. Panya ni panya.

Siku ya akika, mbuzi alipokwisha kuchinjwa na mtoto kunyolewa na kuitwa Hajra, wageni walitawanyika. Bi Mwanvita alikuwa ameketi ukumbini, kitukuu amelala mapajani mwake. Mikdad akaja akakaa mkekani mbele yake. Ashatu alikuwa chumbani, mlango wazi.

"Bibi. Nikuulize neno?"

"Uliza, mume wangu."

"Ulipomfikisha yule... mliagana vipi?"

Ajuza akaupangusa utosi wa mtoto kwa kidole.

"Kwa heri. Mtu mwenye adabu sana. Kwao pazuri, pana kisima. Alinishukuru nilivyomsindikiza, akasema ugeni ni kutembeleana, zamu sasa ni yetu. Akaniomba siku nitakapokwenda nimpelekee mtoto, amwone."

Chumbani, Ashatu aliacha kukunja nguo.

"Nawe... ulimjibu nini?"

Bi Mwanvita akainua macho. Yalikuwa macho ya bibi yule yule, ila yamechoka mno. Akaivuta kanga, akaifunika miguu ya mtoto, ingawa hapakuwa na baridi.

"Ningemjibu nini, mwanangu? Nilikuwa barazani kwake, peke yangu, na wewe ulikuwa bado uko njiani na Ashatu, mtoto hajazaliwa. Nikaitika, kama ulivyoitika wewe."

Mtoto akafumbua macho, akautazama mlango wa mbele.