Sura Nyuma ya Mkeka

"Hii rangi itamkimbiza bwana harusi kabla hajafika kanisani!" alisema Conceicao, akairudisha doti ya kanga juu ya kaunta. "Huna nyingine?"

Mwenye duka alikuwa amekwisha kushusha nusu ya rafu. "Mama, zote ulizokataa ni nzuri."

"Nzuri, lakini hazina adabu. Nishushie ile ya juu. Siyo hiyo. Ile. Basi, irudishe tu."

Zulmira alikuwa amesimama mlangoni, wala hakuwa akisikiliza. Harusi ilikuwa yake, kanga ilikuwa yake, na mama yake mdogo, Conceicao, ndiye aliyekuwa akihangaika. Yeye alikuwa ametekwa na mji.

Alikuwa hajapata kufika Newala. Siku hizi kwao kulikuwa Mahurunga, bondeni karibu na mto Ruvuma, ambako duka lilikuwa moja tu, na ndani yake mna chumvi, viberiti na mafuta ya taa. Huku mlimani ukungu wa asubuhi ulikuwa unaingia hadi madukani kama mnunuzi. Na maduka yenyewe! Kila moja na mwenyewe, kila moja na harufu yake. Hili linanuka sabuni, lile ngozi, la pale bizari. Katika duka moja vioo vilikuwa vimetundikwa ukuta mzima. Zulmira alipoingia akajiona yuko huku na huku na kule, akatoka haraka kwa aibu, kana kwamba amewakuta watu wanamsema.

Aliyewapandisha huko ni Josephu, mchumba wake, dereva wa lori la korosho. Alikuwa amewashusha karibu na soko, akasema, "Zungukeni, mchague mnachotaka. Nikimaliza kupakia ghalani nitawatafuta, tuteremke."

"Na duka la machanuo liko wapi?" Zulmira alimuuliza.

"Lipi?"

"Ulikonunulia hili."

Lilikuwa kichwani mwake, chanuo jeusi la mpingo, meno marefu, mgongo wake umechongwa vizuri hata ukilipitisha kidole hutaki kukitoa. Josephu alikuwa amempa siku ile ya kwanza alipopiga hodi Mahurunga. Zulmira alikuwa amekataa wanaume wengine. Huyu alimkubali kidogo kidogo, na ukimbana sana angesema ni kwa sababu ya chanuo. Mtu aliyechagua kitu kama hiki, alijiambia, hawezi kuwa na moyo mgumu.

"Ah, lile lilifungwa," Josephu alijibu. "Fundi alihama zamani." Akawasha lori.

Sasa Conceicao alikuwa amehamia kwa fundi cherehani, Bakari, aliyekuwa akishona barazani huku blanketi limemfunika mabega. Wakawa wanabishana juu ya mikono ya gauni la harusi.

"Mifupi," alisema Bakari.

"Mirefu. Anaingia kanisani, haendi kuvua samaki."

Bakari akamgeukia Zulmira ampime, akaliona chanuo. "Kumbe mmekwisha kupita kwa Mmakonde wa ukingoni! Hiyo kazi yake."

"Si alihama?"

"Ahame aende wapi? Leo asubuhi nimemsikia anagonga tezo yake ya kuchongea. Duka la mwisho, ukilipita hilo unatumbukia Ruvuma."

Conceicao akasema, "Sasa mikono—"

Lakini Zulmira alikuwa ameshatoka.

Barabara iliishia kwenye mikorosho, na mikorosho iliishia kwenye anga. Ukungu ulikuwa umeanza kufumuka. Zulmira alipiga hatua moja zaidi, akashika mti.

Chini, mbali kuliko alivyodhani macho yanaweza kwenda, kulikuwa na mto. Ulikuwa Ruvuma, mto uleule aliouvuka kwa hofu maji yakimfika kifuani, mama yake akibebwa mgongoni na Feliciano, mchumba wake wa wakati ule, vita vilipoanza kule ng'ambo. Maisha yake yote aliuona mto huo kama ukuta. Huku juu ulikuwa kamba nyembamba inayong'aa, mtu ameitupa mchangani akaisahau. Na ng'ambo yake, bluu kama moshi, ilisimama milima ya kwao alikozaliwa. Nyumbani. Makaburi ya babu zake yalikuwa pale, mbele ya macho yake.

"Ee Mungu wangu," alisema.

Feliciano alikuwa amewavusha siku ile, yeye na mama yake, kisha akarudi majini kumfuata baba yake mzazi. "Nakuja sasa hivi," alisema. Hakuonekana tena. Zulmira alingoja hadi watu wakachoka kumhurumia, kisha akamwombea misa ya wafu.

Nyuma yake kitu kiligongwa. Ko, ko, ko. Kikanyamaza.

Duka lilikuwa kibanda cha udongo. Mbele kulikuwa na vinu, vigoda, miiko, na machanuo yamepangwa juu ya ubao. Hapakuwa na mtu. "Hodi!" aliita. Akaokota chanuo, akalilinganisha na la kichwani mwake. Ndugu wa tumbo moja. Kwa nini basi Josephu alisema fundi alihama?

Upande wa nyuma palikuwa na mlango uliofunikwa kwa mkeka. Zulmira alidhani ni chumba kingine cha duka, kama alivyoona kwa Wahindi. Upepo wa ukingoni ukaingia, ukaunyanyua mkeka, na Zulmira akajiona.

Hakikuwa kioo. Ilikuwa sura ya mti, kubwa kama kichwa cha mtu, nywele zake nywele za kweli, macho yamefumbwa nusu kama ya mtu anayesikiliza. Chale zilishuka mashavuni, zimepangwa kama zake. Na kwenye shavu la kushoto chale moja ilikuwa imepinda. Alipokatwa chale alishtuka, kisu kikateleza. Feliciano alikuwa akimtania, "Hiyo njia yako imepotea."

Alijua anachokitazama. Lilikuwa lipiko, sura anayoivaa mchezaji wa ngoma ya mapiko. Kwa Wamakonde mwanamke halioni likichongwa wala haambiwi kwamba ndani yake mna mtu. Likitoka kucheza, wanawake hukimbia. Ndivyo alivyolelewa, na ndivyo alivyokimbia tangu utoto. Leo miguu haikukimbia. Alikuwa kama amekutana na yeye mwenyewe, yule wa ndani ambaye hakuna aliyemjua.

"Toka!" Sauti ya mwanamume ilipasuka kutoka uani. "Nani kakwambia uingie huku? Wewe mwanamke huna—"

Tezo ilianguka.

Wakatazamana. Alikuwa amekonda, ana mvi pembeni, mguu mmoja anauburuta. Lakini alikuwa yeye.

"Umekufa," Zulmira alisema.

"Umeolewa," alisema Feliciano.

"Nimeolewa na nani?"

"Sijui jina lake. Niliambiwa tu una mume na mtoto."

"Aliyekwambia nani?"

"Yule dereva. Dereva wa lori la korosho. Niliuliza kila dereva anayeteremka pwani, yeye ndiye aliyesema anakujua, uko Mahurunga. Nikampa salamu. Nikampa na..." Macho yake yakapanda kichwani mwa Zulmira. "Hilo. Hilo hapo. Nikamwambia, mwambie Feliciano yuko hai, mguu umeumia, ukipona atakuja. Na kama bado ananingoja, alivae."

Zulmira alilichomoa chanuo. "Nimelivaa tangu siku lilipofika."

"Aliporudi akasema umelipokea, ukacheka, ukasema mumeo atafurahi."

"Na wewe ukaamini!"

"Ningefanyaje? Nije kwenye mlango wa mume wa mtu?" Alilitazama lile lipiko, akainamisha kichwa. "Nikakuchonga. Nilisema nikimaliza nitalitoa, licheze mbele ya watu, lisiwe langu tena. Lakini kila nikifika kwenye ile chale namaliza siku nzima. Kazi hii mahali pake ni porini, si dukani, ninajua. Nilishindwa kukuacha porini peke yako."

Zulmira alilia kwanza. Halafu akampiga ngumi ya bega, halafu akalishika lile bega asiliachie.

"Zulmira! We mtoto, gauni litashonwa na—" Conceicao alitokea mlangoni akihema. Akamwona Feliciano, akafanya ishara ya msalaba. Akaliona lipiko, akageuka ukutani haraka kama aliyekuta wazee wanaoga.

"Shikamoo mama," alisema Feliciano.

"Usiniamkie! Marahaba. Teremsha mkeka!"

Feliciano aliuteremsha. "Kosa ni langu, mama. Wazee wakiuliza nitasema ni mimi."

"Wazee waulize nini? Nani kaona kitu? Zulmira, umeona kitu?"

"Sijaona kitu, mama mdogo."

"Na mimi macho yangu mabovu, kila mtu anajua. Sasa geuka nikuone vizuri, wewe marehemu. Misa yako ilikuwa nzuri sana, ungeipenda."

Walikuwa hawajamaliza kuelezana lori lilipopiga honi nje. Josephu alishuka anatabasamu. "Nimewatafuta mji mzima! Bakari ndiye—"

Akamwona aliyesimama nyuma ya Zulmira. Tabasamu likabaki usoni peke yake, mwenyewe kashaondoka.

"Josephu," alisema Zulmira, "chanuo hili ulilinunua wapi?"

"Zulmira, twende tukaongee pembeni."

"Tuongee hapa. Ulilinunua?"

Josephu alivua kofia. Aliikunja, akaikunjua. "Mara ya kwanza nilikuja kuleta salamu zake kweli. Nilizikariri njia nzima nisisahau neno. Nikapiga hodi. Ukatoka wewe, mikono ina unga, ukasema karibu mgeni. Zikanikwama hapa kooni."

"Zote?"

"Zote. Likabaki chanuo."

"Lingekuwa na mdomo, nalo ungelimeza," alisema Conceicao.

"Nilikupenda, Zulmira. Sikukudanganya hilo."

"Nilimwombea huyu misa ya wafu." Sauti yake ilikuwa ndogo, na ndiyo iliyomfanya Josephu arudi nyuma. "Ulikuwa umekaa benchi la nyuma yangu. Unajua kwamba yuko hai. Nilikusikia unaimba, Josephu. Nikasema moyoni, kijana mwema, anamwimbia hata asiyemjua."

Upepo ulipita ukingoni, vumbi la mbao likamrukia viatuni.

"Nipige basi," alimwambia Feliciano.

"Kwa mguu gani?" alisema Feliciano. "Nikikurukia tutaanguka wote."

"Siolewi na wewe," Zulmira alisema. "Mjomba Bernardo nitamwambia mwenyewe, nyumbani, leo."

"Mtafikaje? Lori linaloteremka leo ni langu tu."

Ilikuwa kweli.

"Si litateremka?" alisema Conceicao. "Basi wewe utaendesha. Hawa wawili watapanda juu ya magunia ya korosho. Na mimi nitakaa mbele na wewe, baba. Nina maneno ya njia nzima."

Hapo ndipo Josephu alipoogopa kweli.

Wakateremka hivyo. Kwenye kila kona Zulmira, akiwa juu ya magunia, aliuona mto ukikua, kutoka kamba kuwa mkanda, kutoka mkanda kuwa mto, na akamshika Feliciano mkono kama mtu anayevushwa kwa mara ya pili. Chini yao, kupitia bati la lori, sauti ya Conceicao haikukatika hata mara moja.

Kwa Wamakonde mwenye neno la mwisho ni mjomba. Mjomba Bernardo alisikiliza yote mpaka mwisho, akamtazama Feliciano kuanzia mvi hadi mguu.

"Anayeoa kwetu anahamia kwetu. Utajenga hapa?"

"Nitajenga hapa, mjomba."

"Na duka lako la mlimani?"

"Miti ipo hata bondeni."

"Na zamu hii ukisema nakuja sasa hivi?"

"Siendi popote, mjomba."

"Basi kaa ule."

Ndoa ilifungwa baada ya Noeli. Gauni lilikuwa la Bakari, mikono mirefu. Josephu hakuja. Alikuwa amebadilishana njia na dereva mwingine. Walipotoka kanisani watu walikula, wakanywa, jua likaanza kulainika, na ghafla ngoma zikabadilika. Wanawake walizijua. Wakaanza kukusanya watoto.

Kutoka kwenye mikorosho likatoka lipiko.

Halikutembea kama mtu. Lilisimama, likatikisa mabega, likageuza kichwa polepole kama linamtafuta mmoja. Yowe likapanda. Conceicao alikuwa wa kwanza kukimbia, na ndiye aliyepiga kelele kuliko wote, yeye mwenye macho mabovu.

Zulmira alikimbia pia, kisha akasimama, akageuka. Jua lilikuwa limeliangukia shavu la kushoto. Ile chale ilipinda palepale. Alijua mti ule, alijua tezo iliyouchonga, na bado nywele zilimsimama. Sura yake ilikuwa inacheza mbele ya watu wake wote, nzuri na ya kutisha, na mguu mmoja wa lipiko ulikuwa unaburuzwa kidogo kwenye vumbi, kwa mdundo.

"Zulmira!" jirani yake Helena alimvuta mkono. "Mbona limefanana na wewe?"

"Mimi si niko hapa?"

"Na bwana harusi yuko wapi?"

Zulmira alikitazama kiti kitupu karibu na mjomba Bernardo, na mjomba aliyekuwa akitazama mawingu kwa bidii.

"Ameenda kunywa maji," alisema, akapandisha gauni lake magotini, akakimbia na wenzake huku akipiga yowe.