Mikono Mlangoni

Ilianza kwa harufu ya ndizi mbivu ndani ya gari la Verlin Stroud, mtu ambaye hakuwahi kununua ndizi kwa kuwa, kama alivyopenda kusema, tunda linalotaka kuvuliwa nguo halimfai mzee wa kanisa.

"Si ile dawa ya kusafishia bastola?" mkewe Nadine alisema. "Inanuka hivyo hivyo."

"Bastola sijaisafisha tangu mwezi uliopita."

Verlin alikuwa mkaribishaji wa kanisa lao la Kibaptisti, huko Arkansas. Kila Jumapili alisimama mlangoni akiwakumbatia watu kwa kifua kipana kama kitanda cha wageni. Kisha zikaja habari za mtu aliyewapiga risasi waumini katika jimbo jingine, na wazee wakaamua mkaribishaji abebe silaha.

"Kwa tumbo hilo," rafiki yake Doyle alimtania, "hata mzinga unafichika."

Mwanzoni, bastola ikiwa kiunoni, alijiona tu mtu mzito. Mwendo ukabadilika, akatembea kama mwenye shamba. Baadaye akaanza kuamini kwamba Mungu hakumweka pale kukaribisha, bali kuchagua. Ndipo sauti ikaja, nyuma ya sikio, ya upole kama ya mke anayekukumbusha kununua maziwa: Tazama mikono.

Akatazama mikono. Akatazama iliyo mfukoni, iliyo ndani ya mikoba, iliyokumbatia Biblia kifuani, na kadiri alivyoitazama ndivyo nyuso zilivyofifia juu yake, kwanza za wageni, kisha za kwaya, kisha za watu aliocheza nao utotoni, mpaka Jumapili moja kundi zima likapita mbele yake likiwa na makoti na vidole, na palipokuwa na uso pakawa na ngozi tupu iliyovutwa, laini kama unga uliokandwa.

"Nadine, sema kitu," alinong'ona asubuhi mezani.

"Niseme nini? Verlin, unanitisha."

"Sema tu. Nijue ni wewe."

Nadine akashusha kikombe. "Iache hiyo bastola nyumbani. Jumapili hii Raelynn analeta mtoto."

"Nikiivua nasikia baridi, kama nimetoka kuoga."

Mjukuu huyo, mtoto wa binti yao, Verlin hakuwa amewahi kumwona. Wiki nzima aliomba jambo moja: auone uso wake.

Jumapili mvua ilinyesha. Watu walikuwa wameanza wimbo wa pili mlango uliposukumwa, akaingia mtu mwenye koti refu, kofia imefunika kichwa, kifua kimevimba, mkono mmoja umezama ndani ya koti na haukutoka, na ile sauti haikunong'ona tena bali ilisema kwa kinywa cha Verlin mwenyewe, "Toa mkono," na kabla hajajua ameamua lolote bastola ilikuwa juu mbele yake na kidole kimeshafika mahali pake.

"Baba," koti likasema. "Ni mimi, Raelynn. Nimemshika mtoto."

Alimjua kwa sauti. Kidole hakikutoka.

Kutoka benchi la nyuma akaja Bibi Oleta, aliyewafundisha wote shule ya Jumapili walipokuwa wadogo, akijikokota na fremu yake ya chuma ya kutembelea. Akasimama katikati, kifua chake mbele ya mdomo wa bastola.

"Verlin, mwanangu, miguu inaniishia nguvu. Nishike."

"Ondoka, bibi."

"Sisemi na wewe. Nasema na Verlin. Wewe sikujui, na kwa jina la Yesu huna kiti humu."

Kitu kikajigeuza kifuani mwa Verlin. Vidole vikafunguka, akamdaka bibi akianguka. Makunyanzi yake ndiyo aliyoyaona kwanza, halafu macho yaliyojaa machozi.

Jioni hiyo Doyle aliikatakata bastola kwa msumeno wa chuma. Hakutania.

Raelynn alirudi nyumbani kwao majira ya joto. Walikula kuku wa kukaanga, akawacheka wazazi wake kama zamani. Mtoto alikuwa amerithi masikio ya babu yake, maskini. Verlin alimtazama asishibe.

Kisha akanyoosha mkono kuchukua chumvi, na kicheko kikakatika.

Raelynn hakuwa akimtazama usoni. Alikuwa ameinamisha kichwa kidogo, kama mtu anayeambiwa jambo sikioni.

"Mwanangu," Verlin aliuliza polepole, "anakwambia nini?"

"Nani, baba?" Akamvuta mtoto kifuani. Macho yake hayakutoka kwenye vidole vya baba yake.

Verlin akailaza mikono yote miwili mezani, viganja juu, akaiacha hapo mpaka chakula kikapoa.