Nyumba ya Ishirini ya Kasirwa

Kasirwa, katikati ya Rangwe na Ndhiwa, ni soko unaloweza kulizunguka lote kabla chai yako haijapoa. Kilima upande mmoja, udongo mweusi wa kunata upande mwingine, barabara moja katikati. Kinu cha kusaga mahindi kipo, josho la ng'ombe lipo, kanisa la Wasabato lipo. Zahanati hakuna. Mwaka wa 1994 ikatangazwa kwamba soko lenye majengo ishirini ya kudumu litajengewa zahanati. Chifu akampa Mwalimu Nyasuguta fomu aandike jiografia ya mahali, historia yake na majengo yote.

Nyasuguta alikuwa na mimba ya miezi saba. Mtoto wake wa kwanza alifia njiani kwenda hospitali ya Rangwe, juu ya mkokoteni uliokwama matopeni. Kwa hiyo tusidanganyane, kazi ile hakuifanya kwa ajili ya chifu.

Alihesabu mara tatu.

Kumi na tisa.

Jua lilikuwa linazama aliposikia kikohozi nyuma yake, karibu na josho.

"Mimi umeniacha, mwalimu."

Mwanamume mrefu, suruali imejaa vumbi la saruji. Nyasuguta alifundisha watoto wa soko zima na wazazi wote aliwajua. Huyu hakumjua. Tena mbona ananuka saruji mbichi, na hapa hakuna anayejenga?

"Nyumba yako iko wapi?"

Akanyoosha mkono. Nyuma ya josho, mahali Nyasuguta alipopita mchana uleule asione kitu, palisimama nyumba ya matofali. Mabati mapya. Hata kijia cha kwenda mlangoni hakikuwepo.

Moyo ulimwambia ageuke aende zake. Lakini ishirini... ishirini ni zahanati.

"Jina?"

"Obuya. Fundi."

Ndani kulikuwa giza.

"Washa moto uone kuta, uandike vizuri," akanong'ona. "Mimi siwezi."

Mafiga matatu. Kuni kavu. Kiberiti juu yake. Nyasuguta akawasha, na moto ukashika mara moja... bila moshi, bila mlio. Akaandika haraka haraka. Alipoinua macho, yule mtu alikuwa ameketi kando ya mafiga, amenyoosha miguu, anatabasamu.

Mwalimu alitoka mbio, na tumbo lake lote lile.

Risper, muuza samaki wa omena, alikuwa anafunga kibanda chake. Alimsikiliza huku akikunja magunia, mpaka aliposikia jina. Mikono ikasimama.

"Obuya ndiye alijenga hizi duka zote, mwalimu. Alianguka kutoka kwa mabati ya ile ya mwisho akakufa, wewe ukiwa hujakuja hapa. Hakuwa na nyumba yake. Na sisi Wajaluo, mwanaume mzima hazikwi kama hana nyumba. Inajengwa, hata kama ni ya siku moja. Yeye walimzika tu hivyo." Akashusha sauti. "Moto aliwasha nani?"

"Mimi. Alisema yeye hawezi."

"Kweli, hawezi. Nyumba mpya, moto wa kwanza unawashwa na bibi ya huyo mtu, mke wake."

Nyasuguta, Mkisii na Msabato, hayo hakuyajua. Kulipokucha alirudi nyuma ya josho akakuta majani matupu. Akafungua fomu ili afute mstari wa ishirini. Kalamu ilikaa juu ya jina la Obuya muda mrefu. Akaukumbuka mkokoteni. Akaona uchungu wa kumzika mtoto mwingine hatauweza.

Hakufuta.

Wiki iliyofuata afisa alikuja kukagua majengo. Nyasuguta alikaa katika ofisi ya chifu tangu asubuhi, roho juu, akisubiri kuumbuliwa. Alasiri afisa akaingia akijifuta jasho.

"Zahanati mmepata. Ishirini kamili." Kisha akamkazia macho mwalimu. "Wewe umenipitia wapi? Si nimekuacha sasa hivi kule nyuma ya josho?"

"Mimi sijatoka hapa."

"Basi mmefanana. Wamenikaribisha vizuri, yeye na mume wake fundi." Akafungua fomu. "Nimewaandika watatu. Mume, mke na mtoto."

"Mtoto gani?"

"Mchanga kabisa. Alikuwa anamnyonyesha."

Chifu alikuwa ameanza kupiga makofi. Nyasuguta akaweka mikono yote miwili tumboni, akangoja mtoto acheze.

Akangoja.